Kanisa la magogo lililouzwa likageuka banda

UKITAJA majuu mbele ya kijana wa mjini, kinachomjia kichwani ni maghorofa, magari ya maana na dola. Malaria haimo kabisa kwenye picha hiyo. Sasa hebu mfikirie mzungu kijana, yuko Marekani, amejikunyata ndani ya kibanda cha magogo, homa imempanda, anatetemeka mpaka meno yanagongana, na nje jirani yake anachimba kaburi la jirani mwingine. Watu wa namna hiyo ndio waliojenga kanisa ninalotaka kukusimulia wiki hii.

Kisa chenyewe nilikipata kwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye yuko St. Paul, jimbo la Minnesota. Kazi yake ni kutunza wazee, zamu ya usiku, kazi ambayo Wabongo wengi wa kule wanaijua fika. Mwaka 2019, wakati wa kiangazi chao, alipewa jukumu la kumtembeza mgeni aliyetoka Iringa. Usishangae Iringa kutokea hapo. Dayosisi ya Iringa ya KKKT na Walutheri wa eneo la St. Paul wana udugu wa siku nyingi, na jina la udugu huo hata Wamarekani wenyewe wanalitamka kwa Kiswahili: Bega kwa Bega.

Katika kuzunguka wakafika kwenye chuo cha wachungaji kinachoitwa Luther Seminary. Pale kwenye majani, karibu na majengo ya kisomi, wakakuta kijumba cha magogo. Binamu yangu alidhani ni stoo ya mafyekeo. Alipoambiwa ni nini, akapiga picha akanitumia na maneno mafupi: "Eti hili ni kanisa." Nikamjibu kwamba huku kwetu hata mlinzi angekataa kulala humo. Tukacheka, yakaisha.

Yangeisha kweli, kama nisingeanza kuchimba habari zake.

Kanisa hilo linaitwa Old Muskego. Linahesabiwa kuwa ndilo la kwanza kujengwa na wahamiaji wa Kinorwei katika Marekani. Na kwao siyo St. Paul. Lilijengwa mashambani huko Wisconsin, karibu na ziwa dogo la Wind Lake, siyo mbali na mji wa Milwaukee. Kutoka hapo hadi mahali binamu yangu alipolikuta ni karibu kilometa 500. Kanisa lilisafirije? Subiri, tutafika.

KIWANJA CHA BONDENI

Ukisikia Norwei leo unafikiria nchi yenye hela za mafuta. Lakini mafuta hayo makubwa waliyapata mwaka 1969. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, Norwei ilikuwa nchi ya milima na mashamba madogo, na mtoto asiyerithi shamba alikuwa hana pa kushika. Mwaka 1825 kundi la kwanza lilipanda meli ndogo iliyoitwa Restauration, wakavuka Atlantiki. Baada ya hapo zikaanza barua. Mtu akishafika anaandika nyumbani, huko barua inasomwa na kijiji kizima, na kabla wino haujakauka vijana watatu wameshauza ng'ombe. Wewe mwenyewe unajua mambo haya yanavyokwenda.

Mwaka 1839 likafika Milwaukee kundi la watu kama 40 kutoka Telemark, wakiongozwa na John Luraas. Safari yao ilikuwa ya kwenda Illinois, ambako Wanorwei wenzao walikuwa wameshatangulia. Inasimuliwa kwamba wenyeji wa Milwaukee, waliokuwa wanatafuta watu wa kuja kununua ardhi yao, waliwaletea watu wawili wawatazame. Mmoja mnene, mashavu yanang'aa. Mwingine mgonjwa, amebaki mifupa. Wakaambiwa: huyu mnene ni wa Wisconsin, na huyu mwenzangu na mimi ndiyo ametoka Illinois. Chagueni. Siwezi kukuapia kwamba ilikuwa hivyo hasa, lakini wahamiaji wenyewe waliisimulia miaka na miaka. Kama ni kweli, basi udalali ni kazi ya zamani sana.

Wakachagua ardhi kwenye eneo la Muskego. Walipokwenda kuiangalia kulikuwa kukavu, wakaona uwanda mzuri wa majani, hakuna hata visiki. Wakalipa. Mvua na theluji zilipokuja, ule uwanda ukawa maji. Walikuwa wamenunua kinamasi! Msomaji uliyewahi kuuziwa kiwanja bondeni wakati wa kiangazi, ndugu zako hao.

Penye kinamasi pana mbu, na penye mbu unajua kinachofuata. Homa ikawapiga. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mbaya wao, maana jambo hilo lilikuja kuthibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Madaktari walisema ni hewa chafu inayopanda kutoka kwenye maji. Kwa hiyo watu walikuwa wanafunga madirisha kuzuia hewa, mbu wameshaingia.

Waliokuja baadaye wakajifunza kidogo. Vijana wawili wa Drammen, Søren Bache na Johannes Johannesen, wakasogea upande wa kusini, Wind Lake, kwenye ardhi ya juu zaidi. Mwaka 1840 akaja Even Heg na familia yake kutoka Lier. Huyu Heg akajenga banda kubwa, na banda hilo likawa kila kitu. Mgeni akishuka kutoka Norwei, hana ndugu, hana pa kulala, anapelekwa kwa Heg. Ibada kwa Heg. Mgonjwa kwa Heg. Ni kama vile chumba kimoja cha Kariakoo ambacho kila anayetoka kijijini kwenu lazima apitie, anakuja kwa wiki moja anakaa mwaka. Shida ni kwamba kila meli ilileta na magonjwa yake, na watu wamelala mbavu kwa mbavu. Mwaka 1843 ulikuwa mbaya. Walikufa watu makumi kwa makumi, nyumba nyingine ikabaki watoto tu.

Mwaka huo huo wa vifo ndio walioanza kukata miti ya kujenga kanisa.

KIJANA ALIYETAKA KUJA AFRIKA

Hapa kuna mtu ambaye lazima nikutambulishe. Claus Lauritz Clausen alikuwa Mdenmark, amezaliwa mwaka 1820. Hakuwa na ndoto yoyote ya Marekani. Alipokwenda Norwei nia yake ilikuwa kuja huku kwetu Afrika, kuwa mmisionari kwa Wazulu. Kule Drammen akakutana na mfanyabiashara mmoja, Tollef Bache, baba yake yule Søren. Mzee akamwambia, mwanangu, Wazulu watapata mtu mwingine, watoto wetu huko Wisconsin hawana hata wa kuwafundisha katekisimu. Clausen akabadili njia. Mwaka 1843 akafika Muskego na mke wake Martha, bado wachanga kabisa katika ndoa.

Alikuja kama mwalimu. Watu wakaona mwalimu peke yake hatoshi, wanataka mchungaji wa kubatiza na kuzika. Oktoba 18 mwaka huo akabarikiwa kuwa mchungaji na mchungaji mmoja Mjerumani, ndani ya lile banda la Heg. Alikuwa na miaka 22. Wewe ukiwa na miaka 22 ulikuwa unafanya nini? Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kijiweni nasubiri mjomba anitafutie kazi. Mwenzetu alikuwa anazika.

Heg akatoa sehemu ya ardhi yake, kilimani. Mzee Tollef Bache naye akachangia kutoka Norwei. Wananchi wakatoa magogo na nguvu zao. Kuta ni mwaloni, umechongwa ukapangwa vizuri, siyo magogo ya kurundika tu, na ndani wakatumia mti wa jozi ambao una rangi nzuri ya kahawia. Kuna roshani ya juu iliyoshikiliwa na nguzo zilizochongwa kwa mkono, kuna mimbari ya kupanda ngazi. Wanaume upande wao, wanawake upande wao. Ukitazama picha ya ndani utagundua kwamba hawa jamaa hawakuwa na haraka. Nyumba zao wenyewe zilikuwa vibanda, wengine walikuwa wanaishi kwenye mashimo yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima, lakini nguzo ya kanisa wakaikalia mpaka ikawa na umbo. Lilizinduliwa Machi 13, 1845.

Lakini miezi miwili kabla ya uzinduzi wakafanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko kanisa lenyewe.

BARUA YA WATU 80

Kule Norwei habari za vifo zilikuwa zimeshafika. Magazeti yakawa yanaandika kwamba Muskego ni makaburini, waliokwenda ni wapumbavu, wamedanganywa. Ndugu wakawa wanalia. Sasa, msomaji, mtu aliye majuu akisikia nyumbani wanamsema vibaya anafanya nini? Tunajua. Anaazima koti, anasimama kando ya gari la mtu, anapiga picha, anatuma. "Huku mambo safi."

Wale hawakufanya hivyo. Januari 6, 1845 walikaa wakaandika barua ya wazi, wanaume 80 wakatia sahihi, ikachapishwa Aprili 1 kwenye gazeti la Morgenbladet la mji ambao sasa ni Oslo. Hawakukana magonjwa. Walikubali kwamba shida zimewapata, kubwa, na kwamba mwanzo ulikuwa mgumu. Walisema hawategemei kutajirika. Walichokisema ni kwamba nchi waliyokwenda inampa mtu uhuru, kwamba chakula kinapatikana kwa mtu anayefanya kazi, na kwamba hawajuti. Basi. Hakuna koti la kuazima.

Nimeifikiria sana barua hiyo. Kijijini kwa mama kuna barua za kila aina kutoka kila nchi, na ukizisoma zote unaona hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa.

Sitaki udhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Johannesen alifariki mwaka huo huo wa 1845. Clausen akahamia usharika mwingine wa Wanorwei, Rock Prairie, mwaka 1846, na huko Novemba Martha akafariki. Søren Bache mwaka 1847 akarudi zake Norwei. Mwaka huo huo, Julai, nyumbani kwa Heg likachapishwa Nordlyset, gazeti la kwanza la Kinorwei Marekani, kwa hiyo sisi watu wa magazeti tuna undugu na uwanja ule. Halafu kuanzia 1849 ikaja kipindupindu, ikapita na watu wengine. Mwaka 1850 akafariki Even Heg mwenyewe.

MTOTO WA BANDANI

Even Heg aliacha mtoto wa kiume, Hans Christian. Alifika Wisconsin ana miaka 10, akakulia kwenye lile banda la wageni, akiona watu wanakuja na wengine wanatolewa kwenye majeneza. Mwaka 1849 akakimbilia California kwenye dhahabu, kama vijana wote wenye damu moto. Baba alipofariki akarudi kushika shamba. Akaingia siasa, upande wa wapinga utumwa, akawa msimamizi wa magereza wa jimbo la Wisconsin. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, akapewa kikosi cha 15 cha Wisconsin, ambacho askari wake wengi walikuwa Wanorwei na ndugu zao wa Skandinavia.

Na mchungaji wa kwanza wa kikosi hicho unadhani alikuwa nani? Clausen! Yule yule. Kijana aliyekosa safari ya Uzuluni sasa alikuwa mtu mzima, na alikuwa na ugomvi mkali na wachungaji wenzake wa Kinorwei. Wao walishikilia kwamba utumwa, ukiangalia Biblia, wenyewe kama wenyewe siyo dhambi. Clausen akasema ni dhambi. Wakabishana miaka, mikutano na mikutano, mpaka mwaka 1868 akajitoa kwenye umoja wao. Nimesema mwanzoni kwamba hakufika Afrika. Lakini watu wa Afrika walikuwa wameshafikishwa Marekani kwa minyororo, na kwenye habari yao alisimama upande ambao wenzake wengi waliogopa kusimama.

Hans Heg alipigwa risasi kwenye mapigano ya Chickamauga, Septemba 19, 1863, akafariki kesho yake. Alikuwa na miaka 33. Mwili ukarudishwa nyumbani, akazikwa kwenye makaburi ya kanisa lao kule Norway, karibu na Wind Lake. Ndiyo, hata kata yao waliiita Norway.

Mwaka 1925 akawekewa sanamu mjini Madison, makao makuu ya jimbo. Juni 2020, mwezi mmoja baada ya George Floyd kuuawa mikononi mwa polisi kule Minneapolis, waandamanaji waliiangusha sanamu hiyo na kuitupa ziwani. Sanamu ya mtu aliyekufa akipigana na wenye watumwa! Wengi walicheka, wakasema wameangusha wasiyemjua. Mimi sikucheka sana. Mtu mwenye hasira hasomi maandishi yaliyo miguuni mwa sanamu. Ikatengenezwa, ikarudishwa mwaka 2021.

LIKAUZWA

Sasa turudi kwenye kanisa letu. Mwaka 1869 usharika ulikuwa umekua na watu wana hela kidogo, wakajenga kanisa jipya. La zamani wakafanyaje? Waliliuza. Mkulima mmoja akalinunua, akalihamishia shambani kwake, akalifanya banda. Mahali pa mimbari, vitu vya shamba. Mahali walipobatiziwa watoto wa wale wa malaria, vitu vya shamba. Miaka zaidi ya 30 likakaa hivyo.

Ukitaka kuwalaumu walaumu, mimi nimeshindwa. Kanisa lenyewe lilitungwa mimba ndani ya banda, kwa hiyo kurudi bandani lilikuwa linarudi kwao. Halafu mtu aliyekulia kwenye nyumba ya udongo, akipata bati, haiti wapiga picha. Anabomoa. Wanaolilia nyumba ya udongo ni wajukuu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1904, Wanorwei wa Marekani wakiwa wameshakuwa watu wenye vyuo na majengo yao, ndipo walipokumbuka. Wakalinunua lile banda, likachukuliwa kutoka shambani Wisconsin mpaka St. Paul, likajengwa upya kwenye uwanja wa chuo chao cha wachungaji, chuo ambacho baadaye ndiyo kikawa Luther Seminary. Mwaka 1975 serikali ya Marekani ikaliandika kwenye orodha ya mahali pa kihistoria. Makaburi, hayo hayakuhamishwa. Yalibaki kilimani kule Wind Lake, kilometa 500 na kanisa lao.

Nilipomaliza kusoma haya yote nilimpigia binamu yangu simu. Nikamsimulia kinamasi, nikamsimulia Clausen, akasema hajui hata moja kati ya hayo, na siku ile mlango ulikuwa umefungwa, walichungulia dirishani tu. Nikamsimulia ile barua ya watu 80. Hapo akanyamaza. Nikadhani simu imekata.

"Dada, upo?"

"Nipo."

Halafu akaniambia. Baridi iliyopita aliumwa wiki tatu, kitandani, peke yake. Mwenye nyumba alikuwa anamwachia supu mlangoni. Kazini walimkata hela za siku zote hizo, na ule mwezi ambao tulimlalamikia kwamba amechelewa kutuma za bati la shangazi, ndio ulikuwa mwezi huo. Mwenyewe alituandikia kwamba yuko bize na masomo. Tukaamini, tena tukamsema.

"Usimwambie mama," akanisisitiza, "atashindwa kulala."

Nikamuahidi. Ahadi ya kumwambia shangazi kwa mdomo nimeitunza mpaka leo. Kuhusu kuandika hakusema kitu, na kwa bahati shangazi hasomi gazeti hili. Anasema lina umbeya mwingi.